Barua ya wazi kwa wenye maduka ya vitambaa Kariakoo: tengeni mahali pa watoto kuchezea

Kwenu wenye maduka ya vitambaa na vifaa vya ushonaji Kariakoo, kwenu wamiliki wa majengo mnaopangisha fremu, na kwenu viongozi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Salaam na heshima.

Ninawaandikia kama fundi cherehani na kama mama. Ombi langu ni moja, na ninalitanguliza ili hata mwenye haraka alipate: tengeni mahali pa watoto kuchezea ndani ya maduka ya vitambaa. Duka kubwa liwe na kona yake. Jengo lenye fremu ndogondogo liwe na chumba kimoja cha pamoja. Mahali hapo pawe pasafi, pazungushiwe, na pawe karibu kiasi kwamba mama akisimama kwenye meza ya kukatia anamwona mwanawe.

Najua Kariakoo ina mengi. Soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mchana kweupe, tukazika watu. Kuna kodi za fremu, kuna mivutano ya mapato, kuna machinga na wapita njia wanaogombea hatua moja ya barabara. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24. Katika mazungumzo yote hayo nimesikia habari za ulinzi, taa, vyoo, maegesho na njia za magari ya zimamoto, na yote ni ya lazima. Mtoto sijamsikia akitajwa, naye yumo Kariakoo kila siku ya Mungu, mgongoni, mkononi, au amejishikiza kwenye gauni la mama yake katikati ya mikokoteni.

Tazameni anayeingia dukani kwenu. Sehemu kubwa ya wateja wa vitambaa ni wanawake. Yupo fundi wa Tandika aliyefuata bitana na zipu. Yupo mama wa Gongo la Mboto anayetafuta kitambaa cha sare za shule kwa sababu sare ya kununua imemshinda bei. Wapo akina mama wa kamati ya harusi, watano kwa mpigo, wanaobishana rangi. Yupo mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, Lilongwe au Moroni kuja kuchukua vitenge kwa jumla. Wengi wao wana mtoto anayenyonya au anayeanza kutembea, na hawana wa kumwachia. Dada wa kazi anahitaji mshahara. Bibi yuko mkoani. Jirani naye ana watoto wake watatu. Basi mtoto anakuja naye, anabanwa kwenye daladala, anashuka Msimbazi jasho linamtoka, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hiyo kazi yenyewe naomba niieleze, maana pengine aliye upande wa pili wa meza ameizoea mno. Kununua kitambaa ni kazi ya mikono miwili na macho yaliyotulia. Unakishika, unakivuta mshazari uone kama kinatanuka, unakifumbata ngumini na kukiachia uone kama kinajikunja. Unakitoa hadi mlangoni ukiangalie kwenye jua, kwa sababu taa ya dukani inabadili rangi: maruni inageuka kahawia, kijani kibichi kinageuka buluu. Unakilinganisha na bitana, halafu na uzi, halafu na zipu. Kitenge unatazama maua yake yameelekea wapi, maana ua lenye juu na chini linakula kitambaa zaidi ukitaka kifua na mgongo viende upande mmoja. Huku kichwani unapiga hesabu: gauni la mteja huyu lina mkono mrefu, huyu ni mnene wa nyonga, yule anataka na kilemba. Kisha muuzaji anainama na rula yake juu ya jora, anapima, anatia mkasi, na baada ya hapo hakuna mjadala. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Mmeandika wenyewe ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na mna haki, kwa sababu kipande cha mita mbili na robo hakuna wa kukinunua.

Kazi hiyo ukiifanya na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mkononi, utakosea tu. Atalia, utaharakisha. Utasema mita tatu wakati ulihitaji tatu na nusu. Utachukua bitana ambayo dukani ilionekana nyeusi na nyumbani ni buluu iliyokolea. Na hasara ya mita haimfuati mwenye duka wala mwenye nguo. Fundi ndiye anayelipa: nauli ya kurudi, siku nzima ya kazi, na pengine akute jora lile limekwisha na jipya limekuja na rangi iliyopishana kidogo. Kwa fundi anayeshonea barazani kwake, faida ya magauni mawili imekwenda.

Kuna siku nilikuwa kwenye duka moja la leizi na vifungo, silitaji kwa sababu lingeweza kuwa lolote kati ya mengi. Dada mmoja alikuwa anachagua leizi ya shela. Alikuwa amefunguliwa aina kama sita hivi juu ya kioo, na mwanawe, wa kike, amekaa sakafuni kati ya miguu yake. Mtoto alikuwa ametulia kweli. Alikuwa amepata ncha ya utepe wa satini uliotoka kwenye gurudumu lake rafu ya chini, anauvuta pole pole na kujizungushia mguuni. Pembeni ya ule utepe kulikuwa na boksi la wazi la vifungo vya kopa, vile vinavyong'aa. Muuzaji ndiye aliyeona kwanza. Aliruka meza. Mama akageuka, akamshika mtoto taya, akaingiza kidole, kifungo kikatoka na mate. Watu wa nyuma yake wakasonya. Mmoja akasema kwa sauti, "Si ungemwacha nyumbani, mama?" Yule dada akamfunga mtoto mgongoni mikono ikimtetemeka, akaomba radhi kwa kila mtu, akaondoka. Leizi aina sita zikabaki zimefunguliwa juu ya kioo.

Pale dukani lawama zote zilimwangukia yeye. Lakini hebu iangalieni sakafu ya duka la vifaa vya ushonaji kwa macho ya mtu mwenye urefu wa sentimita themanini. Pini zilizodondoka tangu asubuhi. Sindano ya cherehani iliyovunjika. Shanga. Vifungo katika maboksi yasiyo na vifuniko. Mifuko ya nailoni iliyovuliwa kwenye majora, myepesi, ya kumfunika mtoto uso. Mkasi unaoning'inia kwa kamba pembeni ya meza, ncha ikiwa usawa wa jicho lake. Majora yaliyosimamishwa wima ukutani bila kufungwa, na jora la kitambaa cha makochi ni zito kiasi kwamba hata mtu mzima halibebi kwa mkono mmoja. Feni ya chini yenye wavu mpana. Nje ya mlango kuna ngazi, na nje ya ngazi kuna guta linalorudi nyuma. Mtoto hapo hana mahali pake hata pa kukanyaga, halafu tunashangaa kwamba amegusa.

Mtu ataniuliza mbeleko ina kazi gani. Mbeleko ninaipenda, nimelea kwa kanga zenu na nitaendelea kuzisifu. Lakini kutoka Mbagala hadi Kariakoo, kuzunguka maduka, kupatana bei na kurudi, ni saa nyingi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, likasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, na likataja wazi kufungwa mgongoni. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku: kutambaa, kukimbia, kupanda, kurusha. Mama fundi aliyeshinda Kariakoo hana namna ya kumpa mwanawe dakika hizo, labda amteremshe kwenye ile sakafu niliyoieleza.

Sheria yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja anachostahili mtoto kwa mzazi au mlezi wake, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na inataja pia kucheza na kupumzika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 ni ya mapumziko na michezo. Desemba 2021 serikali ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na kati ya nguzo zake tano kuna ulinzi na usalama wa mtoto na kuna fursa za ujifunzaji wa awali. Maneno hayo yanasomwa kwenye semina Dodoma na katika kumbi za wilaya. Ninaomba yafike Mtaa wa Uhuru, mahali mama alipo saa nne asubuhi.

Wala si jambo geni kwetu. Waliolelewa enzi za Ujamaa wanakumbuka vituo vya kulelea watoto mchana vilivyoanzishwa vijijini na vya UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, mama aende shamba huku mtoto yuko salama, anaimba, anakunywa uji. Wazee wetu walielewa kwamba kazi ya mama na malezi ya mtoto ni jambo moja la kupangwa pamoja. Shamba letu sisi mafundi wa mjini ni Kariakoo.

Sasa nije kwenye pingamizi mtakaloanza nalo, nafasi. Fremu ni pesa. Kuna wanaolipa kodi ya kukosesha usingizi kwa kichumba ambacho ukifungua mikono unagusa kuta zote mbili. Mwenye fremu ya namna hiyo simwombi kitu isipokuwa kufunika maboksi ya vifungo na kuyapandisha rafu ya juu. Ninasema na wenye maduka makubwa, yale yenye meza tatu nne za kukatia na majora hadi darini. Mita mbili kwa mbili zinatosha kuanzia. Ndani ya maduka hayo kuna mizigo iliyolala, rangi zilizopitwa na wakati, vitambaa vya mapazia ambavyo hakuna aliyeviuliza tangu mwaka juzi, na vyote vinakaa kwenye nafasi kubwa kuliko hiyo. Na ninasema na wenye majengo. Ghorofa za juu ndizo zinazochelewa kupata wapangaji, hilo mnalalamika wenyewe. Chumba kimoja cha watoto ghorofa ya kwanza au ya pili ni sababu ya mteja kupanda ngazi ambazo leo hapandi.

Faida mtaiona kwenye vitu vidogo. Mama aliyebeba mtoto anayelia hununua kitambaa tu, akaondoka. Aliyetulia anakumbuka gamu, anakumbuka lastiki, uzi wa ovaloki, sindano namba 14, na anaona kitenge ambacho hakukijia. IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Sweden, ina sehemu ya watoto iitwayo Småland ndani ya maduka yake mengi, ambako mzazi humwacha mtoto bila malipo kwa muda maalumu wakati akinunua. Wale ni wafanyabiashara kama ninyi. Wameiweka kwa miaka mingi kwa sababu mzazi asiyevutwa mkono hukaa dukani.

Kuhusu kona yenyewe ilivyo, naomba nikae hapo kidogo, maana nimeona mahali pengine watu wakisikia "michezo ya watoto" wanakimbilia runinga. Msiweke runinga. Mtoto aliyekodolea katuni ametulizwa, hajacheza, na mwongozo ule wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kelele pia zinatosha, vipaza sauti vya nje vinaingia hadi ndani. Na msiweke wale farasi wa kutumbukiza sarafu. Mama akiwa hana sarafu mtoto atalia mara mbili.

Wekeni mkeka unaofutika, au zulia la sponji. Zungushieni uzio wa mbao unaofika kifuani mwa mtu mzima, nafasi kati ya mbao na mbao isipitishe kichwa cha mtoto, na mlango wake ufungwe kwa juu. Vya kuchezea mnavyo tayari, vingine mnavitupa kila jioni. Koni tupu za uzi wa ovaloki zinapangika kuwa mnara, zinaanguka bila kuumiza, zinapangwa tena. Bomba za boksi zinazobaki jora likiisha, mtoto anaviringishia mpira ndani yake na kukimbilia upande wa pili kuusubiri. Mabaki ya vitambaa ni utajiri: satini inayoteleza, velveti, jinzi ngumu, leizi yenye matundu, kanga iliyofuliwa. Shoneni vipande hivyo kwenye kurasa za kitambaa, mtoto afunue na kupapasa. Tengenezeni wanasesere waliojazwa vipande, macho yatariziwe kwa uzi, yasiwe ya vifungo. Mpira wa matambara kila fundi anaujua. Kanuni ya usalama ni rahisi: kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, chochote kinachopenya kwenye kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni kisikanyage pale, wala kitu chenye betri ndogo za duara, kwa sababu betri hizo mtoto akizimeza zinaunguza koo.

Ongezeni kiti kimoja cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kuegemeza mgongo, na pazia la kanga. Ongezeni ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Mkeka ufutwe asubuhi na mchana, vya kitambaa vifuliwe kila wiki. Sehemu isiwe chini ya ardhi wala nyuma kabisa ya duka. Vitambaa vinashika moto haraka na moshi wake ni mbaya, basi mahali pa watoto pawe karibu na mlango wa kutokea, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na njia isizibwe na mizigo hata siku ya kushusha kontena. Hapo ninaomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lihusishwe kabla ya kufungua.

Ulinzi wa mtoto ndio unaonikosesha raha zaidi, na ningependa uwakoseshe na ninyi. Kuna namna mbili za mahali pa watoto, na zisichanganywe. Ya kwanza ni kona ya ndani ya duka, ambako mama yupo hatua chache na jukumu linabaki lake. Hiyo haihitaji mlezi, inahitaji uzio na macho. Ya pili ni chumba cha jengo, ambako mama anamwacha mtoto na kushuka kwenye maduka. Hicho kinahitaji walezi wasiopungua wawili kwa wakati mmoja, waliofunzwa, wanaojulikana kwa Ofisi ya Ustawi wa Jamii, kuta ziwe za kioo au wavu ili anayepita ndani aonekane, na asiingie mtu mzima asiye na mtoto mle. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa.

Na mtoto asitolewe kwa mtu mwingine kwa maneno ya mdomo. Kariakoo tunajua mtoto anavyopotea: dakika mbili, halafu unasikia kipaza sauti kinataja rangi ya nguo. Kwa mahali panapouza vitambaa, alama ya kumtambua mzazi ipo mkononi. Kateni utepe mmoja wa kitenge katikati, nusu ifungwe mkononi mwa mtoto na nusu mkononi mwa mama, ziandikwe namba moja kwa wino usiofutika. Maua yanakutana au hayakutani. Jioni hata mlezi aliyechoka hawezi kudanganyika, kwa sababu utepe wa kila mtoto una ua lake. Na baba naye afungwe utepe, maana wapo akina baba wanaokuja na watoto, na mafundi wanaume wenye watoto wadogo wanazidi kuongezeka.

Halmashauri ya Jiji, kwenu nina mambo yangu. Toeni mwongozo mfupi wa namna hizi mbili, kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja au miwili, ili mwenye duka anayetaka kufanya jema asiogope kwamba mgambo au afisa atamjia kesho na faini ya kituo kisichosajiliwa. Chumba cha jengo kisajiliwe kama sheria inavyotaka. Kona ya duka ikaguliwe tu. Majengo mapya yanayoombewa kibali Kariakoo, na yanajengwa kila uchao, muyaombe nafasi ya watoto kwenye ramani kama mnavyoyaomba vyoo. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, muiruhusu itumike kwa kikundi cha akina mama wanaotaka kuendesha chumba cha watoto cha jengo. Tumezoea kukopeshwa kwa ajili ya kufuga kuku na kutengeneza sabuni. Kulea watoto wa soko zima ni kazi kamili, ina wateja kila siku, na walezi wazuri tunao, wamemaliza mafunzo na wako nyumbani.

Nisimsahau na aliye nyuma ya meza. Mara nyingi muuzaji mwenyewe ni msichana aliyejifungua juzi. Kuna maduka ukichungulia chini ya meza ya kukatia utakuta boksi lililotandikwa kitenge, na ndani yake mtoto amelala katikati ya vumbi la pamba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi wa wadada hawa hawana mkataba, hawalijui hilo, na wanaogopa kuliuliza. Chumba cha watoto kikiwepo ndani ya jengo, yeye ndiye wa kwanza kukihitaji, kila siku, kuliko hata mimi ninayekuja na kuondoka. Waajiri, mlipieni nafasi yake. Mtapata muuzaji ambaye akili yake ipo kwenye mita anazokata.

Wenzetu wamefanya hili sokoni kabisa, kwenye vumbi na kelele kama zetu. Accra, soko la Makola lina kituo cha kulelea watoto wa wanawake wanaouza humo. Ahmedabad, India, chama cha SEWA kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wanawake wanaojiajiri, wakiwemo washonaji, kina ushirika wa kulea watoto unaoendeshwa na wanawake wenyewe, na unafunguliwa kwa saa zinazofuata kazi za akina mama. Katika hayo yote, hilo la saa ndilo ninaloomba mliige kwanza. Kituo kinachofunga saa sita mchana hakimsaidii mtu wa Kariakoo.

Siombi yote kwa siku moja. Naomba maduka matatu ya Mtaa wa Uhuru na jengo moja la fremu ndogo waanze kabla ya Desemba, kabla ya msukumo wa sare za shule za Januari, wakati ambapo maduka hujaa hadi mtu anapitisha pesa juu ya vichwa vya wenzake. Waendelee hadi wiki za mwisho za Ramadhani, ambazo nazo mnazijua. Mwenye duka ahesabu mwenyewe mauzo yake, asikie mwenyewe wauzaji wake wanasemaje, ndipo aamue kuendelea au kubomoa uzio.

Kwa upande wetu, mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kushona mito, wanasesere, kurasa za kupapasa, pazia la kunyonyeshea na tepe za mkononi bila malipo ya ufundi. Tunachohitaji ni mabaki mnayofagia jioni, yawekwe kwenye gunia safi badala ya kutupwa, na mtuambie siku ya kuja kuyachukua na vipimo vya mahali mlipopatenga.

Wenu,
Fundi cherehani na mama,
Mbagala, Dar es Salaam